Mwisho wa Casablanca: kwa nini unauma hivi na bado tunaurudia

Kuna watu wameiona Casablanca mara nyingi mpaka wanajua kila neno kabla halijasemwa, wanajua nani atapanda ndege na nani atabaki amesimama kwenye ukungu na koti lake la mvua, na bado ikifika ile sini ya uwanja wa ndege koo linakaba. Muvi yenyewe ni ya 1942, nyeusi na nyeupe, vita inayosimuliwa iliisha zamani na waigizaji wake wakuu wote wameshatangulia. Sasa ni nini hasa kinachomkamata mtu pale? Maana jibu ambalo kila mtu hulitoa, kwamba ni kwa sababu wawili wanaopendana hawakuishia pamoja, mi naona halitoshi. Muvi za wapenzi waliotengana ziko kibao, nyingi ukizima tu umezisahau, na zingine zinakera kabisa kwa sababu unaona wazi mwandishi kawatenganisha kwa nguvu ili wewe ulie.

Kama hujaiangalia nenda kaiangalie kwanza, maana hapa chini nasema kila kitu.

Stori kwa kifupi. Ni Desemba 1941, mji wa Casablanca, Moroko, ambayo wakati huo inatawaliwa na Ufaransa, na Ufaransa yenyewe imeshashindwa vita, serikali yake iliyoko Vichy inafuata wanachotaka Wajerumani. Mji umejaa wakimbizi kutoka Ulaya wanaohangaikia karatasi za kwenda Lisbon, Ureno, kwa sababu Lisbon ndo mlango wa kuvukia kwenda Marekani. Rick Blaine, anayeigizwa na Humphrey Bogart, ni Mmarekani mwenye klabu pale mjini, na anajulikana kwa msimamo wake mmoja, kwamba yeye hajiingizi matatani kwa ajili ya mtu yeyote. Usiku mmoja anaingia Ilsa Lund, ambaye ni Ingrid Bergman, mwanamke aliyependana naye Paris kisha akatoweka bila kumwambia kitu, na sasa ameongozana na Victor Laszlo, kiongozi wa mapambano dhidi ya Wanazi aliyetoroka kambi ya mateso, na huyo Laszlo ni mume wake. Rick mkononi ana barua za safari zilizoibwa kutoka kwa wajumbe wawili wa Kijerumani waliouawa. Barua ni mbili, watu ni watatu. Hesabu ndo hiyo tu, na muvi nzima inazunguka hapo.

Sasa kitu ambacho watu wengi wanakiona bila kukisema ni kwamba ile sini ya mwisho ni mara ya pili wanaachana. Mara ya kwanza ilikuwa Paris, Juni 1940, Wajerumani wako mlangoni, wawili hawa wamekubaliana kuondoka pamoja kwa treni ya mwisho. Rick yuko stesheni, mvua inanyesha, anaangalia saa, anaangalia watu wanaoingia, Ilsa hatokei. Anayetokea ni Sam, mpiga piano na rafiki yake, akiwa na barua, na barua inasema kwamba Ilsa hawezi kwenda naye wala kumwona tena, na inamwambia asiulize kwa nini, aamini tu kwamba anampenda. Matone ya mvua yanaangukia kwenye karatasi na wino unatiririka mpaka maneno yanayeyuka mbele ya macho yake. Treni inaondoka, Rick ndani.

Angalia vizuri hiyo barua. Asiulize kwa nini. Huyu mtu ameishi mwaka mzima na nusu na kidonda ambacho amekatazwa hata kukiuliza swali, na ukijua hilo unaelewa kwa nini amekuwa vile alivyo, mkavu, hanywi na wateja, hataki wimbo wao wa Paris, As Time Goes By, upigwe kwenye klabu yake. Alichokikosa Paris ni mwanamke, ndiyo, lakini kilichomuharibu ni kukosa sababu. Kila alichokumbuka cha Paris kiligeuka kuwa swali, alinipenda kweli au nilikuwa nachezewa, na ukishaanza kuuliza hivyo basi hata siku nzuri zilizopita zinaoza.

Halafu njoo uwanja wa ndege. Rick anamwambia Kapteni Renault, mkuu wa polisi anayeigizwa na Claude Rains, aandike majina kwenye zile barua, na majina ni Bwana na Bibi Victor Laszlo. Ilsa anashtuka, na neno la kwanza linalomtoka ni lile lile alilomkataza Rick asiliulize. Kwa nini? Kwa nini jina langu, Richard? Na safari hii sababu inatolewa. Rick anamweleza yote hapo hapo, kwamba Ilsa ndo anayempa Laszlo nguvu ya kuendelea na kazi yake, kwamba ndege ile ikiondoka bila yeye atajuta, pengine si leo wala kesho, lakini hivi karibuni na maisha yake yote. Kule Paris mmoja aliondoka bila kusema kitu na mwingine akabaki gizani. Hapa wanaangaliana usoni, kila kitu kinasemwa, wote wawili wanajua kinachotendeka na kwa nini kinatendeka.

Hiyo ndo hoja yangu na naisema bila kuzunguka: mwisho huu una nguvu kwa sababu kuachana kwa pili kunaponya kuachana kwa kwanza. Wanapoteza na kupata kwa tendo moja, dakika moja, huwezi kuchukua kisu ukatenganisha kipi ni huzuni na kipi ni furaha. Ndo maana mtu akisema mwisho huu ni nusu huzuni nusu furaha mi nakataa, si nusu kwa nusu.

Na muvi yenyewe inalisema hili kwa mdomo wa Rick. Ilsa anauliza, na sisi je? Anajibu, tutakuwa na Paris siku zote, hatukuwa nayo, tulikuwa tumeipoteza mpaka ulipokuja Casablanca, jana usiku tumeipata tena. Watu hunukuu kipande cha kwanza tu, kile cha kuwa na Paris siku zote, wanakiweka kwenye kadi na kwenye picha za mahaba, lakini uzito wote uko kwenye kinachofuata. Tulikuwa tumeipoteza. Yaani anakiri kwamba kumbukumbu inaweza kupotea huku bado unaikumbuka, na kwamba inaweza kurudi. Ilsa anamkumbusha kwamba jana usiku alisema hatamwacha tena kamwe, na Rick anamjibu, na hutaniacha kamwe. Anamwambia hivyo huku anampandisha ndege! Na ajabu ni kwamba hasemi uongo, kwa sababu alichokuwa amenyang'anywa Paris sasa kipo, na ndege haiwezi kukibeba.

Uongo unakuja baada ya hapo, na hii sehemu naomba ukiangalia tena uitulie, watu wengi wanaipita. Laszlo anarudi kutoka kuangalia mizigo, na Rick anamwambia kwamba jana usiku Ilsa alikwenda kwake kutafuta barua, akajaribu kila njia, mpaka akajifanya bado anampenda, lakini hayo mapenzi yaliisha zamani, yeye alijifanya tu kwa ajili yako na mimi nikamwacha ajifanye. Hayo si kweli, Rick anajua si kweli, Ilsa aliyesimama pale anajua si kweli, na mi naamini Laszlo naye anajua, ukimwangalia Paul Henreid, anayemwigiza Laszlo, usoni anajibu polepole kwamba ameelewa, jibu la mtu aliyeelewa zaidi ya alichoambiwa. Wote watatu wanaukubali uongo huo kwa pamoja ili mtu mmoja asafiri na heshima yake. Rick ametoka kurudishiwa penzi lake dakika mbili zilizopita, na kitu cha kwanza anachofanya nalo ni kulikana mbele ya mume wa mtu ili ndoa yao isiwe na doa. Kwangu hiyo inauma kuliko ndege. Halafu Laszlo anampa mkono na kumkaribisha tena kwenye mapambano, anamwambia safari hii anajua upande wetu utashinda.

Kuna mtu atasema sawa, lakini sini moja haiwezi kufanya kazi yote hiyo, na ni kweli, mwisho huu umeandaliwa toka mbali sana. Mfano mzuri ni yule binti wa Bulgaria, Annina, ambaye hana hata dakika kumi kwenye muvi nzima. Yeye na mume wake kijana hawana pesa za viza, na Renault ana tabia ya kuwapa viza wanawake kwa malipo ya aina yake. Annina anamwendea Rick kumuuliza, kama kuna mtu anakupenda sana kiasi kwamba furaha yako ndo kitu pekee anachokitaka duniani, na akafanya jambo baya ili uipate, ungemsamehe? Rick anamjibu hakuna aliyewahi kumpenda kiasi hicho. Anaongea kwa ukali, halafu anaondoka, anakwenda kwenye meza ya ruleti ambako mume wa binti anapoteza senti zao za mwisho, anamwambia kijana aweke kwenye 22. Inatoka 22. Anamwambia aache pale pale. Inatoka 22 tena. Anamwambia achukue pesa zake na asirudi.

Pale unaona vitu viwili. Kwanza unaona kwamba ule ukavu wa Rick ni gamba tu, ndani bado kuna mtu. Pili, na hii ndo kubwa zaidi, swali la Annina ni swali la Ilsa, kwa sababu Ilsa alimwacha Rick stesheni baada ya kupata habari kwamba mume wake, ambaye alidhani amefia kambini, yuko hai, mgonjwa, amefichwa kwenye behewa la mizigo nje ya Paris, na alimficha Rick hayo kwa sababu alijua angebaki Paris na Wajerumani wangemkamata. Alifanya jambo lililomuumiza ili awe salama. Rick alikuwa anasema hakuna aliyewahi kumpenda kiasi hicho wakati aliyempenda kiasi hicho yuko mji huo huo. Kwa hiyo tukifika uwanja wa ndege tumeshafundishwa kusoma tendo la namna hiyo bila sisi kujua kama tulikuwa darasani.

Na wimbo pia. As Time Goes By haukuandikwa kwa ajili ya muvi hii, uliandikwa na Herman Hupfeld 1931, na mtunzi wa muziki wa muvi, Max Steiner, hakuupenda, alitaka kuweka wake. Ila ulikuwa umeshaingia kwenye sini nyingi na Bergman alikuwa ameshakata nywele fupi kwa ajili ya kazi nyingine, kwa hiyo haikuwezekana kurudia. Ukabaki. Steiner akaufanyia kitu cha akili sana, akauchukua na kuusambaza kwenye okestra nzima, kwa hiyo toka Ilsa anapomwomba Sam aupige unakuwa unausikia ukirudi kwa sura tofauti, mara mtamu, mara umepinda kwa huzuni, na mwisho kabisa wa yote kinachosikika ni La Marseillaise, wimbo wa taifa la Ufaransa. Sikio limeshaambiwa ni kipi kimepita na ni kipi kinabaki kabla akili haijapanga maneno.

Sasa kuna hadithi moja inayozungushwa sana, kwamba hakuna aliyejua muvi itaishaje, kwamba waandishi walikuwa wanaandika usiku na waigizaji wanaigiza asubuhi, na kwamba Ilsa angeweza kuishia kwa yeyote. Ina ukweli ndani yake ila imetiwa chumvi. Muvi ilitokana na tamthilia ya Murray Burnett na Joan Alison ambayo haikuwa imewahi kuchezwa jukwaani, na kwenye hiyo tamthilia tayari Rick anamwachia mwanamke aende na Laszlo. Pia Hollywood ya wakati huo ilikuwa na kanuni kali za maadili, mwanamke aliyeolewa kumwacha mume wake, tena shujaa wa vita, akaondoke na mpenzi wake wa zamani na muvi imalizike kwa shangwe, hiyo isingepita. Kwa hiyo jibu la nani anaondoka na nani lilikuwa linajulikana zaidi ya watu wanavyopenda kuamini. Kilichowatesa waandishi, kina Julius na Philip Epstein pamoja na Howard Koch, ilikuwa ni kwa nini, namna gani Ilsa aondoke bila kuonekana hana msimamo, na Rick amwachie bila kuonekana hampendi. Ukiniuliza mi nasema kuhangaika huko na sababu ndo kumezaa ubora wote, maana walilazimika kujibu swali ambalo barua ya Paris ilikataza lisiulizwe.

Bergman mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliuliza anatakiwa ampende nani kati ya wale wawili, akaambiwa acheze katikati. Kwa mwigizaji hiyo ni shida kubwa, lakini angalia ilivyotusaidia sisi watazamaji. Uso wake pale uwanjani hauna jibu moja. Mpiga picha Arthur Edeson amemwangaza kiasi kwamba macho yanametameta muda wote, hujui kama ni machozi au ni taa, na kwa kuwa uso haujafunga mlango wowote wewe unayeangalia unaingia na yako.

Kuhusu hilo la kuhisi vitu viwili kwa pamoja, wanasaikolojia walibishana muda mrefu. Kuna waliosema furaha na huzuni ni ncha mbili za mstari mmoja, ukiwa huku huwezi kuwa kule, unachofanya ni kurukaruka haraka kati ya moja na nyingine. Mwaka 2001 Jeff Larsen, Peter McGraw na John Cacioppo walichapisha utafiti ambao sehemu yake waliwauliza watu waliotoka kuangalia Life Is Beautiful ya Roberto Benigni, wakawalinganisha na wale waliokuwa ndo wanaingia, na waliotoka walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana furaha na huzuni wakati huo huo. Kwa mtu anayependa muvi hilo si geni, lakini ni vizuri kujua kwamba unapokuwa na machozi na tabasamu pamoja hujachanganyikiwa, moyo una nafasi ya vyote viwili. Kazi ya muvi nzuri ni kuvileta vyote viwili kwa jambo moja, kwa sababu mambo mawili tofauti, moja la kuchekesha hapa na jingine la kuliza pale, hayafanyi kazi hiyo, hayo ni mabadiliko ya hali ya hewa tu.

Turudi uwanjani maana bado hatujamaliza. Ndege inapoanza kuondoka muvi haiishi, na ingeishia hapo ingekuwa kitu kingine kabisa. Meja Strasser wa Kijerumani anafika mbio kuizuia, anashika simu, Rick anampiga risasi. Askari wa Renault wanaingia. Hapo Renault, mtu ambaye muvi nzima amekuwa akiegemea upande wenye nguvu na halioni tatizo, anamwangalia Rick, anakaa kimya kidogo, halafu anawaambia askari wake Meja Strasser amepigwa risasi, wakawakamate wale washukiwa wa siku zote. Basi. Sentensi moja na Rick yuko huru. Kisha anachukua chupa ya maji, anaona imeandikwa Vichy, anaitupa kwenye pipa la taka na kulipiga teke. Huyo naye amechagua upande.

Rick na Renault wanatembea kwenye ukungu, Renault anataja kwamba kuna kikosi cha Wafaransa Huru, wale waliokataa kusalimu amri kwa Wajerumani, kule Brazzaville, anaweza kupanga safari, na zile faranga 10,000 walizokuwa wamewekeana dau zitalipia gharama zetu. Zetu? anauliza Rick, na anasema ile ya mwisho kwamba anadhani huu ni mwanzo wa urafiki mzuri. Bogart alirudishwa kuirekodi sauti hiyo baada ya upigaji picha kuisha, ndo maana unawaona kwa mgongo. Neno la mwisho kabisa kwenye muvi ya kuachana ni mwanzo, na kinachoanza ni urafiki, hawakumletea Rick mwanamke mwingine wa kumfuta machozi, ambayo ingekuwa dharau kwa kila tulichokiona. Mtu aliyesema hajiingizi matatani kwa ajili ya yeyote sasa amempoteza Ilsa, hana klabu, hana usalama, na ndo kwanza ana mwenzake wa kutembea naye.

Inasemekana baada ya majeshi ya washirika kutua Afrika Kaskazini Novemba 1942, studio ya Warner Bros. ilifikiria kuongeza kipande kingine cha kuwaonyesha Rick na Renault wakishiriki kwenye uvamizi huo, ili muvi iendane na habari za magazetini. Mungu ni mwema hawakuongeza. Fikiria wewe, umewaacha watu wawili kwenye ukungu hujui watafika au hawafiki, halafu unaletewa meli na bunduki na jibu. Ule ukungu ni wa lazima, ndani yake ndo tumewaacha na ndo maana bado wanatembea. Muvi ikaonyeshwa mara ya kwanza New York tarehe 26 Novemba 1942, ikasambazwa Januari 1943, mwezi ule ule ambao Roosevelt na Churchill walikutana Casablanca yenyewe.

Na hao watazamaji wa kwanza, wawaze kidogo. Walikuwa wameshasindikiza au wanajiandaa kusindikiza waume na watoto wao kwenda vitani, hawajui nani atashinda, na mbele yao kuna mtu anasema kwamba shida za watu watatu wadogo hazina uzito kwenye dunia hii iliyopagawa. Hiyo sentensi ina kitu, kwa sababu muvi imetumia saa moja na nusu kutushawishi kwamba shida za hao watatu zina uzito kuliko kitu chochote, na ni kwa sababu tumeshawishika ndo tunaelewa anachokitoa. Mtu asiyejali mapenzi yake akisema hayana maana hajatoa kitu.

Hata walioigiza wengi walikuwa wanaijua hiyo njia kwa miguu yao. Kati ya waigizaji waliotajwa majina mwanzoni mwa muvi ni watatu tu waliozaliwa Marekani, Bogart, Dooley Wilson aliyeigiza Sam, na Joy Page aliyeigiza Annina. Dairekta Michael Curtiz ni mzaliwa wa Budapest. Conrad Veidt anayeigiza yule meja wa Kinazi aliondoka Ujerumani kwa sababu ya Wanazi, mke wake alikuwa Myahudi. Madeleine Lebeau, yule dada anayelia wakati wateja wa klabu wanaimba La Marseillaise kuwafunika Wajerumani, alikimbia Ufaransa 1940 pamoja na Marcel Dalio, ambaye humo humo ndani ndo msimamizi wa ile meza ya ruleti, na walipitia Lisbon. Lisbon! Mji ule ule ambao ndege ya mwisho inauendea. Machozi yale hayakuhitaji dairekta.

Ukitaka kupima hoja yangu ya sababu, ipeleke kwenye miisho mingine mikubwa. City Lights ya Chaplin, 1931, msichana kipofu muuza maua aliyefikiri aliyemsaidia ni tajiri, sasa anaona, na anamtambua yule mzururaji mwenye nguo zilizochanika kwa kumshika mkono tu. Wewe? Anaitikia. Unaona sasa? Ndiyo, naona sasa. Muvi imekwisha, hatujui atampokea au atamkataa, lakini kilichokuwa kimefichika kimejulikana, na kujulikana huko ndo furaha na ndo pigo, kwa sababu picha aliyokuwa nayo kichwani imekufa palepale. Au Roman Holiday ya William Wyler, 1953, binti wa kifalme amerudi kwenye majukumu yake na mwandishi wa habari aliyempenda amesimama kwenye mstari wa waandishi wengine, wanaweza kupeana mkono tu na kuongea maneno ya heshima mbele ya kadamnasi, lakini anapoulizwa ni mji gani aliupenda zaidi anaacha jibu la kidiplomasia aliloandaliwa na kusema Roma, ataikumbuka ziara yake hapa maisha yake yote. Wote ukumbini wamesikia, mmoja tu ameelewa. Miisho yote hii watu wanakosana kimwili na wanaelewana kuliko walivyowahi kuelewana, na pale ambapo hakuna huko kuelewana unabaki na mkasa wa kusikitisha tu.

Lipo jambo moja ambalo mi bado linanikaa vibaya na sitaki kulipitia pembeni. Usiku wa kuamkia ile siku Ilsa anamwambia Rick kwamba yeye hajui tena lililo sahihi, itabidi Rick afikiri kwa niaba yao wote. Na kweli Rick anafikiri kwa niaba yao wote, anapanga kila kitu peke yake, anamdanganya mpaka dakika ya mwisho kwamba wao wawili ndo watakaobaki, halafu anamtangazia safari yake mbele ya polisi. Mwanamke ambaye Paris alifanya uamuzi mgumu kuliko wote, peke yake, bila msaada wa mtu, hapa ananyimwa uamuzi. Wapo wanaoiangalia muvi leo na kukwama hapo, na hawajakosea kukwama. Ninachoweza kusema ni kwamba Bergman anapambana na skripti kwa uso wake, kwa sababu baada ya Rick kumaliza kuongea kuna muda anamwangalia bila neno, na anapogeuka kumfuata Laszlo anamwambia Rick Mungu akubariki, maneno yale yale aliyomalizia nayo barua ya Paris. Waandishi ndo walioyaweka, sawa, lakini yeye ndo anayeyasema kwa sauti ya mtu aliyeshawahi kufanya hivi kabla na anayejua gharama yake kuliko huyo anayemwelekeza kwenye ndege, na kila nikiiangalia naona kwamba anayefahamu zaidi kinachotokea pale uwanjani ni Ilsa.